Neno la Dirishani

Gerezani, Bloku C
Jumanne, 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Kabla ya yote, salamu kwa afande anayesoma barua hizi kabla hazijatoka. Afande, mwandiko wangu ni mdogo kwa sababu tunapewa karatasi mbili tu, macho yako yanisamehe.

Habari kubwa ni kwamba nimehamishwa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita niko Bloku C, ambako wanatutibu sisi tuliofika hapa na unga wa kulevya mwilini. Tuko thelathini na wanane. Ratiba nimeiandika kwenye shajara mpya, nakunakilia: saa kumi na mbili kuamka, saa moja kufagia, saa mbili kamili foleni ya dirisha. Dirishani yuko muuguzi, mama wa makamo, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Dawa inaitwa methadoni. Ni maji matamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Anapima, anakupa kikombe, unakunywa anakuangalia. Halafu anasema, "Sema kitu." Lazima useme sentensi nzima, kwa sauti, ndipo ajue umemeza. Zamani watu waliificha shavuni wakaenda kuiuza. Basi wote tunamwita Sema Kitu, na anaitika.

Kila mtu ana neno lake. Kuna anayetaja timu yake, hata ikifungwa. Kuna mzee tunamwita Redio, yeye akiambiwa aseme kitu anaanza na hali ya hewa, anaingia siasa, na foleni nzima inapiga kelele, "Zima!"

Mimi neno langu ni moja: "Aliyenitaja asipate usingizi." Nalisema kila asubuhi bila kukosa. Kwa hesabu zangu aliyenitaja polisi ni yule mnunuzi wa chuma chakavu. Nani mwingine alijua? Miaka tisa nilisoma mita za maji za watu kwa uaminifu, wa kumi nikaanza kuzifungua na kuziuza kwake, naye ndiye aliyezipokea zote. Lazima alibanwa akanitoa mimi.

Jambo moja. Nilipokuwa rumande nilikuomba uichome ile shajara ya kijani iliyokuwa chini ya godoro langu. Uliichoma? Dada, mjinga gani anaiba mita halafu anaandika namba yake, mtaa na tarehe? Mita arobaini na moja, zote kwa mwandiko mzuri. Nashukuru nilikiri kosa siku ya kwanza, ushahidi haukufunguliwa. Siku ile arosto ya kukosa unga ilikuwa imenishika, mifupa inawasha kwa ndani na hakuna pa kujikuna. Ningekiri hata kuiba mwezi.

Msalimie shemeji, kama anapokea salamu zangu.

Mdogo wako,
Msoma Mita


Nyumbani
Jumapili, 16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Na afande naye marahaba kama ni mdogo, shikamoo kama ni mkubwa, maana sijamwona.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mbili kwenye chumba cha pasi na moja chooni, kwa sababu wenzangu pale dobi walitaka kujua nani kaniandikia. Nikawaambia ni mume wa pili. Sasa wananiuliza kama ana kaka.

Kazi ni ileile. Mashuka ya hospitali hayaishi, kila tukikunja wagonjwa wanachafua, kana kwamba tumewakosea. Shemeji yako anakusalimia kwa namna yake, yaani nilipokutaja alikohoa. Mvumilie. Majirani walichota maji kwa ndoo wiki tatu kwa ajili yako, na wewe ulikuwa ndani, waliyemkodolea macho ni yeye. Jirani yetu mpasua mbao alikuwa anapita na ndoo kichwani makusudi, polepole, mbele ya karakana yake ya useremala.

Shajara ya kijani haipo tena hapa nyumbani. Usiiwaze.

Hilo neno lako la dirishani, lazima liwe hilo? Huyo mama anakubali mtu amuombee mwenzake mabaya asubuhi asubuhi, hata chai hajanywa? Taja hata namba za mita, si unazijua kwa kichwa. Mimi mwenyewe siku hizi sipati usingizi mzuri, nadhani ni joto la mashine.

Kula wanachokupa. Usichague.

Dada yako


Bloku C
Jumatatu, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mpangilio ili nisisahau.

Dozi: nilianza na mililita chache, wakapandisha kidogo kidogo, tangu wiki iliyopita wameisimamisha hapo hapo. Usingizi: saa tano mfululizo. Uzito: kilo tatu zimeongezeka. Pua: imerudi. Hili la pua sikulitegemea. Juzi mfungwa mmoja alipita na shati limetoka kufuliwa, nikasimama nikamfuata kama kichaa. Lilinukia sabuni kama mikono yako unaporudi kazini. Mwaka mzima uliopita sikuwa nanusa kitu.

Neno langu sijalibadilisha. Mpaka leo asubuhi nimelisema mara thelathini na sita, kila moja nimeiwekea alama. Wewe hulijui tatizo, Dada. Kuna mtu yuko huko nje anatembea, anakula, anajua alichonifanyia, na akikutana na wewe njiani anakuuliza hali. Hilo ndilo linaloniuma. Ukimwona mnunuzi wa chuma chakavu usimpe hata mkono.

Asante kwa kuniandikia. Humu wako ambao hawajaona barua tangu waingie. Redio huwa ananiomba nimsomee za kwako, akifika kwa yule mpasua mbao na ndoo anacheka mpaka anakohoa.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumapili, 30 Machi

Mdogo wangu,

Nimetuma sabuni miche miwili, mmoja wa kuogea na mmoja wa kufulia. Usichanganye.

Kazi ni nyingi. Nitaandika nikitulia.

Dada yako


Bloku C
Jumanne, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeandika Aprili, nimeandika Mei, sijajibiwa. Niliposoma tena nakala kwenye shajara sikuona nilipokukosea. Kama unaumwa, mwambie shemeji akohoe kwenye karatasi, nitaelewa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni dogo. Mwezi uliopita nilikunywa dozi yangu, nikasema neno langu, Sema Kitu akaweka kikombe chini.

"We baba," akasema, "huyo mtu wako bado hajalala tu? Miezi minne hii?"

Nikamwambia bado.

"Basi mimi limenichosha. Linanikosesha hamu ya chai. Kesho niletee jingine."

Kesho yake nikafika sina. Nikasimama pale na kikombe kitupu. Foleni nyuma ikaanza, "Sema bwana, tunazeeka!" Redio akapaza sauti, "Nimkopeshe la kwangu? Ninayo mengi!" Yule mama haniruhusu kuondoka, kwake mtu asiyesema hajameza. Mwishowe likanitoka tu: "Asante kwa sabuni." Akaniuliza sabuni ya nani. Nikasema ya dada yangu. Akasema, "Mwambie dada yako imekufaa, sasa unaonekana mtu."

Tangu siku hiyo ndiyo staili yangu. Kila asubuhi shukrani moja, na hairuhusiwi kurudia, sheria nimejiwekea mwenyewe. Nimekushukuru kwa uji ulionipikia nilipougua surua. Nimekushukuru kwa kuniandikia namba za kuzidisha nyuma ya mlango kwa chaki. Nimemshukuru shemeji kwa ule msumari wa kutundikia koti langu, aliupigilia bila kuombwa. Humu ndani utamshukuru nani? Lakini mimi nina orodha.

La pili ni kubwa, soma polepole. Natoka tarehe 14 Oktoba. Dawa hii haiachwi siku moja, nitahitaji kuendelea nje pengine miaka miwili. Kliniki iliyo karibu na dobi lenu wanaitoa. Lakini hawampokei mtu mpaka ndugu yake ajaze fomu ya mpokeaji, kwamba mgonjwa atalala kwake na atafika dirishani kila siku. Fomu iwe imefika hapa kabla ya mwisho wa Septemba. Isipofika, natoka na dozi ya asubuhi tumboni na karatasi ya kwenda hospitali kuu kupanga foleni. Dozi inashika siku moja na kidogo. Baada ya hapo mwili unaanza kudai, na mimi najua utanipeleka wapi.

Fomu nimeiambatanisha. Sehemu yako ina alama ya penseli.

Mdogo wako


Bloku C
Jumatatu, 21 Julai

Dada,

Bado sijapata jibu. Sikulaumu, nakupa habari tu.

Redio alitoka mwezi uliopita. Hakuwa na wa kumjazia fomu. Wanawe aliwaandikia kwa mkono wangu, barua nne. Ametoka kwa kelele, akatuahidi taarifa ya habari kila Jumamosi. Jana wamemrudisha. Siku ishirini na mbili tu, Dada. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Leo asubuhi akapanga foleni, akanywa, mama akamwambia kama kawaida, "Sema kitu." Wote tukajiandaa kupiga kelele.

Akasema, "Nipo."

Basi. Akaondoka. Hakuna aliyecheka, hata maafande. Sema Kitu alizubaa na kikombe mkononi, aliyefuata akabaki anasubiri.

Sikutishi. Nilitaka tu ujue kwa nini ninaiuliza hiyo fomu.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumapili, 3 Agosti

Mdogo wangu,

Mimi si mwandishi kama wewe. Nitalisema mara moja, na wewe ulisome likiwa moja.

Ni mimi niliyekutaja.

Mnunuzi wa chuma chakavu hana kosa. Tarehe 9 Novemba nilikuwa nageuza godoro lako nilianike, nikakuta shajara ya kijani. Nilitaka kuona tu unaandika nini. Nikasoma mita zote arobaini na moja, nikasema moyoni, haya ni mambo ya kazi na mwajiri wake, nitamfokea. Halafu nikafika ukurasa wa mwisho.

Nilikwenda kliniki siku ileile, na aproni ya kazi. Nikamuuliza kijana wa dirishani, mtu akitaka kutibiwa anaanzaje? Akaniambia foleni ni miezi minane. Kisha akasema, "Labda afungwe, mama. Gerezani wameanza kutibu na huko hakuna foleni." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Miezi minane usingefika. Ulikuwa umeandika mwenyewe.

Nikaipeleka shajara polisi. Afisa akaniuliza, "Una hakika ni ya mdogo wako?" Nikamwambia angalia mwandiko, ni nani mwingine mtaani kwetu anapigia mstari tarehe kwa rula? Nikamsihi mkimfunga mfungeni palepale penye dawa. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Ndiyo maana uliponiomba niichome nilikuwa sina cha kuchoma.

Kisha ukaanza kuniandikia neno lako la dirishani. Mara thelathini na sita umezihesabu. Dua yako ilifika, mdogo wangu. Sijalala. Na fomu nimeitoa mezani na kuirudisha kabatini mara nyingi kuliko mashuka ya wadi nzima. Nitaijazaje? Nikulaze nyumbani kwa mtu unayemlaani, nikunyamazie, tule sahani moja? Na nikisema, utaondoka. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Barua yako kuhusu Redio ndiyo imenifungua.

Ukurasa wa mwisho niliuchana kabla ya kuipeleka, haukuhusu mita. Umekaa kwenye mfuko wa aproni yangu tangu siku hiyo. Nakurudishia, ni wako.

Ukitaka kuja, niambie nijaze. Ukitaka niitafutie sahihi ya mtu mwingine, niambie pia.

Dada yako


Bloku C
Jumatatu, 4 Agosti

Dada,

Shikamoo. Naandika fupi kwa sababu leo kimetokea kitu na sina wa kumwambia zaidi yako, hata kama hujibu.

Orodha yangu iliisha. Usiku wa kuamkia leo sikupata wa kumshukuru, hata mwalimu wa hisabati nilikwishampitia. Asubuhi wakati wa kufagia nikafanya hesabu nyingine. Nilikamatwa tarehe 10 Novemba. Nikaandika unga niliokuwa natumia kwa siku mwezi ule, na mwezi kabla ya ule, nikauendeleza mstari mbele kama tunavyokadiria mita iliyoharibika. Mstari haukufika mwaka mpya, ningekuwa maiti kabla. Nimeukagua mara mbili.

Kwa hiyo dirishani nimesema hivi: "Aliyenitaja alale vizuri."

Sema Kitu aliniangalia juu ya miwani. "Ni yuleyule?" Nikasema ni yuleyule. Akasema, "Haya, sasa naweza kunywa chai."

Ukipita kwa mnunuzi wa chuma chakavu mpe salamu zangu. Usimwambie za nini.

Mdogo wako


Bloku C
Jumatano, 20 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Yako ilifika tarehe 12. Afande anayezisoma aliniletea mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya. Aliishika, hakunipa. Akasema, "Kaa kwanza." Nikakaa. Akanipa, akaondoka haraka.

Sitakudanganya. Nilikuwa nimemsamehe mnunuzi wa chuma chakavu, na kumsamehe yule ilikuwa kazi rahisi, hanihusu. Wewe ni jambo jingine. Siku nne sikuandika shajara. Angalia, tangu nijue kuandika sijawahi kuruka siku nne. Dirishani nilikuwa nataja namba za mita tu kama ulivyonishauri. Nilikuwa na hasira kwamba uliingiza mkono chini ya godoro langu. Nilikuwa na hasira kwamba ulinisindikiza mahakamani umevaa kitambaa cheusi ukilia, nami nikakuonea huruma. Na nilikuwa na aibu, kwa sababu niliyemlaani akose usingizi alikuwa anakunja mashuka ya watu kutwa halafu ananitumia sabuni.

Ukurasa niliuacha bila kuufungua mpaka siku ya tano. Ninaunakili hapa ili uone nimeusoma:

"8 Novemba. Nimezimia mara ya tatu, leo ndani ya shimo la mita, kichwa chini. Nimeamka mwenyewe. Ikitokea tena isiwe nyumbani, asije Dada akanikuta yeye."

Mwandiko ni wangu, mstari wa rula ni wangu, lakini aliyeandika simkumbuki. Karatasi imelainika kama kitambaa kwa kukaa mfukoni mwako. Inanukia sabuni. Nimeishika muda mrefu, Redio akaniuliza kuna nini, nikamsomea. Unajua hasemi siku hizi. Akasema, "Huyo ana dada." Akarudi kulala.

Kazi yangu ilikuwa kuingia nyua za watu na kusoma kilichotumika. Sikujua kama kuna aliyekuwa anasoma changu.

Leo saa mbili, nikijua ninayemsema ni nani, nimesema kwa sauti ya foleni nzima kusikia: "Dada yangu aliyenitaja, alale vizuri." Sheria ya kutorudia nimeivunja kwa makusudi. Sema Kitu akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, uzi ukakatika.

Jaza fomu. Nataka kuja kwako. Kama shemeji atanikoholea, atanikoholea.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumapili, 7 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na afande marahaba, na Mungu ambariki kwa kukukalisha.

Barua yako ya tarehe 4 ilifika kwanza. Nililia, nikasema huyu hajui anamwombea nani, akijua ataifuta. Ya tarehe 20 ikaja Alhamisi. Nikaisoma, nikajilaza kidogo na viatu vyangu. Shemeji yako akaniamsha jua limewaka, amenishika bega ananitikisa, alidhani naumwa. Nimechelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili. Msimamizi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nililala. Nikachukua pasi, nikaanza kazi.

Fomu iko ndani ya bahasha hii, imejazwa, ina muhuri wa kliniki. Kule kwenye swali la "uhusiano na mgonjwa" nimeandika dada, nikapigia mstari kwa rula, ili wajue tumetoka nyumba moja.

Kutoka mlango wetu hadi dirisha la kliniki ni hatua elfu moja mia moja na arobaini. Nimezihesabu kwenda na kurudi, kwa sababu nakujua utaniuliza. Nimetembea kwa hatua zangu, zako zitapungua.

Shemeji yako ametengeneza kitanda. Hajasema ni cha nani. Nikamuuliza, "Hiki nacho ni cha nani?" Akakohoa. Halafu akasema karakana inahitaji mtu wa kuandika vipimo, yeye akipima anasahau akifika kwenye msumeno, "lakini awe mtu anayeandika kila kitu." Nikamwambia hapo umepata, huyo anaandika hata asichotakiwa. Akacheka, mdogo wangu. Mpasua mbao ameapa atakupitia na ndoo siku ya kwanza. Utaipokea hiyo ndoo, utambebea mpaka kwake, na utamwomba radhi mlangoni. Hilo sikuombi, nakuambia.

Mwambie Redio, fomu ina nafasi ya mgonjwa mmoja tu, lakini nimemuuliza yule kijana wa dirishani kama mtu asiye ndugu anaweza kujaziwa. Amesema atauliza wakubwa wake. Safari hii hakutania.

Jambo la mwisho. Jumapili kliniki inafungwa. Wanampa ndugu dozi ya siku hiyo kwenye kichupa Jumamosi, wananifundisha namna ya kuifungia kabatini na kuhakikisha umemeza. Kwa hiyo Jumapili hakuna foleni wala dirisha. Ni jikoni kwetu, saa mbili kamili, wewe umekaa kwenye kigoda na kikombe, mimi nimesimama mbele yako na aproni.

Utakunywa. Nami nitakuambia, sema kitu.

Dada yako